Gauni Lililopelekwa Kanisani

Siku Edah Kageha alipokutana na Cleopas, alikuwa ameligeuza koti la watu ndani nje katikati ya soko la Rag Market, Jumamosi ya Novemba mwaka wa sabini na moja, nusu ya Birmingham imejazana humo inasukumana. Mwenye meza, mama mnene wa Kizungu aliyemwita kila mnunuzi "bab", alikuwa ameshachoka naye.

"Bab, unanunua koti au unalifanyia upasuaji?"

Edah aliendelea kukagua kwapa la koti. Alikuwa nesi mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mishono alikuwa anaijua. Akauvuta uzi wa kwapani, uzi ukamfuata mkononi bila ubishi.

"Ona sasa," akajisemea kwa Kiswahili. "Limeshikizwa tu. Mtu ukinyoosha mkono kusimamisha basi, mkono wa koti unabaki kituoni."

Mtu akacheka nyuma yake. Edah akageuka. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa jaketi la kazi lenye madoa ya grisi na tai shingoni, kana kwamba alishindwa kuamua anakwenda wapi. Mikononi alikuwa na mifuko mitatu iliyofura.

"Wewe dada ni wa Maragoli," akasema. "Kiswahili hicho nakijua. Kinapanda mlima."

"Na wewe ni wa wapi unayesikiliza maneno ya watu?"

"Kaimosi. Naitwa Cleopas. Niko karakana ya reli kule Tyseley." Akaitua mifuko chini, akarudi nyuma hatua moja na kufinya jicho. "Hebu simama hivyo hivyo. Kiuno ishirini na sita. Bega la kushoto limeshuka kidogo. Unabeba begi upande huo."

"Nani amekuomba unipime?"

"Haiombwi. Baba yangu ni fundi cherehani pale sokoni Kaimosi. Jicho hili halijakosea saizi ya mtu tangu nikiwa darasa la nne."

Edah alikuwa amevaa gauni lake la bluu nzito lenye ukosi mweupe, sweta aliyofumiwa na mama yake, na viatu vyeusi vya kufunga kamba. Cleopas alilitazama lile gauni kwa namna ambayo watu wengine hutazama sahani ya chakula cha kwao. Wakapiga soga hadi mama wa meza akaomba koti lake. Edah akalirudisha, akaaga, akaondoka bila kununua hata kitambaa cha mkono.

Jumamosi iliyofuata, bawabu wa hosteli ya manesi alimwita chini. Cleopas alikuwa amesimama mlangoni, tabasamu masikio kwa masikio, na mkononi alikuwa na koti lile lile.

Sasa wewe niambie. Mwanamume anamwona mwanamke kwa macho yake akikataa kitu, sababu anaisikia kwa masikio yake, halafu anarudi kumnunulia kitu hicho hicho. Edah angefunga mlango siku ile, hadithi ingekwisha na watu wangepumzika. Lakini koti lilimkaa kama limekatwa juu ya mwili wake, na mleta koti alikuwa na vishimo mashavuni. Akalichukua.

Mapenzi yakaanza, na mifuko ikaanza nayo.

Ni lazima ueleweshwe kabati la Edah. Lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya kitanda na dirisha, na hospitali ilikuwa imempa viango kumi na viwili vya kutundikia nguo. Mwaka wake wa kwanza Uingereza alidanganywa na foleni za Januari, zile za bei kuteremshwa. Alipanga mstari kwa sababu watu walikuwa wamepanga mstari, akatoka na vitu saba, kimojawapo sketi ya manjano ambayo haikupatana na kitu kingine chochote duniani. Hakuvaa hata kimoja mara mbili. Tangu hapo akajiwekea sheria. Hanunui kitu siku aliyokiona. Analala kwanza, akiamka bado anakitaka ndipo anarudi. Kitu kisichokwenda na nguo tatu alizonazo hakiingii. Na kikiingia kimoja, kimoja kinatoka.

Sheria hizi zilipata mlinzi: Rajni, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, msaidizi wa wodi, aliyekuwa akishona sebuleni kwake mtaa wa Sparkhill baada ya zamu. Rajni alikuwa na masharti mengi kuliko daktari mkuu. Hakugusa nguo mpya. "Vaa kwanza mara tatu," alikuwa akisema, "kisha lete. Hapo utajua inakuuma wapi."

Na Edah alihitaji fundi, kwa sababu alikuwa anabadilika. Haikuwa jambo la siku moja. Kwanza aliacha kuzichoma nywele, zikasimama afro, naye akajiona kwenye kioo akajipenda. Kisha ukosi mweupe ukaanza kumkaba. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, anaamuru watu wazima wafungue midomo wameze dawa, halafu akivaa nguo zake anafanana na msichana wa shule ya Jumapili. Lakini hakutupa. Gauni la bluu la siku ya sokoni Rajni alilikata juu likawa kizibao, chini likawa sketi fupi. Kitambaa kile kile, mtu mwingine.

Cleopas alipokiona kile kizibao aliomboleza kana kwamba kuna msiba.

"Umeliua gauni nililokupendea."

"Kumbe ulipenda gauni?"

"Nilikupenda wewe ndani ya gauni, mami. Sasa gauni halipo, nitakutafuta wapi?"

Wakacheka. Siku hiyo ilikuwa ya kucheka. Wiki iliyofuata akamletea gauni jingine la bluu, ukosi mweupe. Edah akashukuru, akamweleza kuhusu viango. Cleopas akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Mwezi uliofuata akaleta jingine. Kufikia Krismasi ya sabini na mbili yalikuwa matano, yote ya bluu, yote ukosi mweupe, na yote, hili lilimkera zaidi, yakimkaa sawasawa bila kupunguzwa hata uzi.

"Sister," Cleopas alipiga simu jioni moja. Alimwita hivyo kwa kumtania, maana cheo hicho cha nesi mkuu wa wodi bado hakuwa nacho. Simu ya hosteli ilikuwa ukutani kwenye korido, manesi wanapita na taulo; yake ilikuwa kibanda cha barabarani kinachokula sarafu. "Sister, nimeona kitu leo, nikasema hiki kina jina lako."

"Cleo, usininunulie."

"Hujui ni nini."

"Ni gauni. Ni la bluu. Lina ukosi mweupe."

"Lina mfuko upande," Cleopas akasema.

"Mpenzi, nisikilize. Nikitaka kitu nitakuambia mapema, twende wote, nikitazame, nikalale, nirudi. Hivi unavyofanya unanivisha kama mdoli."

"Mwanamume asiyemvisha mtu wake ni mwanamume gani?"

"Ni mwanamume anayemwuliza."

"Aulize nini, na macho anayo?" Simu ikaanza kupiga kelele ya kudai sarafu. "Nakutakia usiku..." akasema, na mstari ukakatika. Edah akabaki ameshika mkono wa simu, hajui kama acheke au alie. Mwaka mzima na zaidi, mtu huyu hajawahi kumwambia kwamba anampenda isipokuwa kwa mzaha wa magauni. Kila akikaribia neno lenyewe, ama sarafu zinaisha, ama basi linafika, ama ameona kitu dirishani mwa duka.

Februari wakapanga kukutana mtaa wa Moseley, kwenye mkahawa mdogo ulio karibu na kituo cha basi namba hamsini. Edah alifika amevaa suruali. Haikuwa ya kununua. Rajni alikuwa ameishona kwa sketi mbili nzito za kahawia alizoacha kuvaa. Imebana mapajani, imemwagika chini kuanzia gotini, bugaluu ya kufagia njia. Juu alivaa kile kizibao, na masikioni pete kubwa za mduara. Vijana wawili wa Kizungu walimpisha mlangoni na kugeuka kumtazama.

Cleopas alikuwa ameshaagiza chai. Akamtazama kuanzia juu kwenda chini, akachelewa kurudi juu.

"Hiyo ni nini?"

"Habari ya mchana na wewe."

"Edah. Hiyo ni nini?"

"Ni sketi zangu mbili. Sijanunua hata uzi." Alikuwa anajivunia, na alitaka amwone anavyojivunia. "Nimetoa viango viwili kabatini kwa mpigo mmoja. Hebu nitazame vizuri, wewe mwenye jicho. Imenikaa?"

Ilimkaa, na Cleopas aliona. Ndiyo maana alikasirika. "Mama yako akikuona hivyo?"

"Mama yangu mwache Maragoli alipo."

"Simwachi. Mimi namfikiria mama yako kuliko unavyodhani." Akakoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. "Nimepata nafasi Derby. Cheo kikubwa kuliko hiki, na masomo wananilipia. Wamenipa wiki mbili nijibu."

Edah alihisi chai ikimwishia ladha mdomoni. "Na utajibu nini?"

"Inategemea. Kuna jambo nataka kulijua kwanza."

"Lijue basi. Niko hapa. Niulize."

Cleopas akamtazama, akaitazama suruali, akatazama barabara. Mdomo ulifunguka. Edah akangoja. Wallahi mtu alingoja, mkono juu ya meza.

"Siyo maneno ya mkahawani," Cleopas akasema mwisho. "Utaona. Utapata."

"Nitapata nini?"

"Utapata, na utajua, na utanijibu." Akasimama, akavaa kofia. "Lakini kwa hiyo suruali, hapana."

Akaenda zake, akamwachia chai mbili.

Kifurushi kilifika Jumatano. Bawabu, mzee wa Kizungu aliyependa bustani na hakupenda maswali, alimpa kikiwa kimefungwa kamba. "Yule rafiki yako wa reli ameniambia nikukabidhi mkononi mwako, nisimpe mtu mwingine. Amenishika mkono mara mbili." Hakukuwa na barua ndani. Kulikuwa na gauni la kijani kibichi lenye maua meupe, mikono mirefu, shingo iliyofungwa hadi kooni, kitambaa kizuri cha kudumu, na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo hiyo. Edah alilinyanyua mbele ya kioo. Lilikuwa pana kiasi cha kuingia yeye na nesi mwenzake mmoja, na nafasi ya kupumulia ikabaki.

Akakaa kitandani. Kwa hiyo hilo ndilo jibu la suruali. Amemwona amebanwa ndani ya bugaluu, amejisikia aibu, ameamua kumtafutia hema la kumfichia. Na kitambaa cha kichwa, afro nayo iende. "Utapata, na utajua." Amepata. Amejua.

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha sheria ikamwinua. Kitu kisichokwenda na nguo tatu hakiingii, na hili halikwenda hata na yeye mwenyewe. Jumamosi kanisa la Kimethodisti walilosali wote wawili lilikuwa na soko lake la mitumba, meza ndefu ukumbini, kukusanya fedha za paa. Edah akabeba magauni matano ya bluu na lile la kijani juu yake, akayakabidhi. Alirudi hosteli mikono mitupu na viango sita vinaning'inia kabatini, na kwa muda wa saa nzima alijiona mtu huru sana.

Jumapili, mpiga kinanda wa kanisa, bibi mmoja mpana mwenye miguu mizito, aliingia amevaa gauni la kijani lenye maua meupe. Lilimpendeza kweli. Edah, aliyekaa safu ya nyuma, akageuza shingo kumtafuta Cleopas upande wa wanaume wa reli. Akamwona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa hukumu. Wimbo wa kwanza haujaisha, akatoka nje.

Vizuri, Edah akasema moyoni. Na yeye aonje.

Simu ililia Jumatatu jioni.

"Nimepata jibu lako," Cleopas akasema. Sauti ilikuwa ya kistaarabu, kama ya karani.

"Jibu gani? Mimi ndiye niliyejibiwa."

"Ungerudisha kwa bawabu tu, Edah. Kurudisha ni haki ya mtu. Sikutegemea uliuze kanisani mbele ya watu."

"Ulitaka nilivae lile?"

"Nani amesema ulivae?" Kelele za sarafu zikaanza. Akamsikia anapapasa mifuko. "Ijumaa natia sahihi ya Derby. Nakutakia heri, dada." Na mstari ukakatika.

Dada. Mwaka mmoja na miezi mitatu, leo ni dada. Edah alirudi chumbani akakaa gizani bila kuvua viatu.

Jumanne baada ya zamu ya asubuhi alikwenda Sparkhill. Rajni alimkuta mlangoni machozi tayari yako njiani.

"Hapana lia juu ya hiyo hariri," Rajni akasema, "ya harusi ya mtu. Kaa pale. Chai iko. Sema polepole."

Edah akasema, polepole kwanza, kisha kwa kasi. Mkahawa, suruali, Derby, kifurushi, hema la kijani. Rajni aliendelea kushona. Edah alipofika kwenye upana wa gauni, mguu wa Rajni ukasimama juu ya cherehani.

"Rudia hapo. Kubwa namna gani?"

"Watu wawili kama mimi."

"Na zile bluu tano? Mimi nilipunguza ngapi?"

"Hata moja."

"Hata moja," Rajni akasema. "Sikupata hata kazi ya pindo. Huyu mtu anakutazama tu, anajua bega yako ya kushoto iko chini. Leo, mara moja tu, amekosea inchi ishirini?" Akavua miwani yake. "Edah, wewe ni msichana mwerevu lakini hasira imekufanya bubu wa akili. Hiyo nguo si yako. Sasa fikiri. Nani kwenu iko na mwili kama huo?"

Edah alifungua mdomo kubisha, na mdomo ukabaki wazi. Juu ya meza yake hosteli kulikuwa na picha moja tu ya nyumbani. Mama yake, amesimama mlangoni, mpana, mikono kiunoni. Cleopas alikuwa ameishika picha ile mwezi Desemba siku manesi waliporuhusiwa wageni, akaitazama kwa muda mrefu hata akaambiwa chai inapoa.

Kisha harusi ya dada yake mkubwa ikamjia yote. Kabla ya mazungumzo yoyote, kabla ya mtu kutaja ng'ombe, shangazi alikuja asubuhi na kifurushi. Nguo ya mama. Hakuna aliyesema neno. Kifurushi kikakaa ndani siku tatu hakikurudishwa, na upande wa pili wakajua mlango umefunguliwa. Kingerudi, ingekuwa kwaheri bila matusi. Na Birmingham Cleopas angempata wapi shangazi? Alimchukua bawabu wa hosteli, Mwingereza wa watu, akamfanya mshenga bila mwenyewe kujua, akamshika mkono mara mbili.

"Ameniposa," Edah akasema. "Rajni, ameniposa, nami nimemuuza kwenye meza ya mitumba."

"Bila hata barua ndani?"

"Bila hata barua."

Rajni akavaa miwani, akarudi kwenye hariri. "Wanaume wa kwetu wajinga," akasema, "lakini wenu wamezidi."

Jumatano Edah alikwenda kwa mpiga kinanda. Bibi alimkaribisha kwa biskuti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasikitika kwa dhati, kisha akafungua kabati kumwonyesha. Alikuwa ameshalikata pindo inchi sita na kuondoa mikono. Anapenda mikono wazi akipiga kinanda. Hakukuwa na la kufanya. Edah akasema limempendeza sana, na ilikuwa kweli, na akaondoka.

Alhamisi alibadilishana zamu na akapanda basi hadi Tyseley. Alisimama langoni pa karakana saa kumi na nusu, upepo unapeperusha miguu ya bugaluu yake kama bendera. Alikuwa amefikiria kuvaa sketi. Alifikiria kwa dakika nzima mbele ya kabati, akasema hapana. Kama anakwenda kukataliwa, akataliwe yeye mwenyewe.

Honi ikalia, wanaume wakaanza kutoka na mabirika yao ya chai. Cleopas alitoka katikati ya kundi. Akamwona, akasita, akaja.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kuomba radhi. Gauni la mama. Nilidhani umeninunulia mimi."

"Lile? Wewe?" Alionekana kuumia kwa jambo jipya kabisa. "Edah, mimi nikosee saizi yako?"

"Ndivyo Rajni alivyosema."

"Rajni ameelewa, wewe hukuelewa. Mtu wa kwetu."

Hapo Edah, aliyekuja kuomba radhi, akachoka kabisa. "Mimi ningeelewa vipi, Cleopas? Mwaka mzima unanimwagia vifurushi. Leo gauni, kesho gauni, mimi nikae nikifumbua hiki kina maana gani na kile kina maana gani? Umenikasirikia kwenye mkahawa, umeondoka, nguo imefuata. Nimekaa pale nakuambia niulize. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza. Kwa nini hukuuliza?"

"Baba yangu hakuuliza," Cleopas akasema. "Hakuwahi kumwambia mama neno lolote la namna hiyo. Alimshonea. Kila mwaka gauni moja, anamwekea kitandani, anarudi dukani. Na mama alijua."

"Alijuaje?"

"Alijua tu."

"Au labda hakujua. Labda alikuwa akishukuru tu kwa gauni, na akangoja neno miaka yote hiyo, kama mimi ninavyongoja."

Watu wa zamu walikuwa wakiwapita pembeni. Cleopas alivua kofia, akaishika, akaitazama ndani kana kwamba kuna maandishi. Mikono yake ilikuwa bado na grisi, na kwa mara ya kwanza tangu Edah amjue hakuwa na kitu cha kumpa.

"Suruali imekukaa vizuri," akasema. "Nilijua pale pale. Nikaogopa. Nikaona unageuka mtu nisiyemjua saizi yake."

"Bado hujasema."

"Najaribu. Edah. Nakupenda. Nataka kukuoa. Unataka?"

"Sijasikia. Kuna treni."

Kulikuwa na treni kweli. Cleopas akangoja ipite, kisha akarudia kwa sauti kubwa hata mafundi wawili wa Kizungu, wasiojua Kiswahili hata neno, wakasimama kungojea jibu.

"Nataka," Edah akasema. "Nisikilize lakini. Nina miezi michache ya masomo hapa, namaliza. Wewe nenda Derby, tia sahihi kesho. Mtu wa reli hashindwi na safari ya Jumamosi. Na nguo zangu nitachagua mimi, kuanzia leo hadi unizike."

"Hata nikiona kitu kizuri?"

"Nipigie simu, unieleze. Nitalala, nitakujibu."

Akacheka, vishimo vikarudi mashavuni, naye Edah akamfuta grisi kidevuni kwa kitambaa chake. Kisha Cleopas akanyong'onyea tena.

"Na mama? Tutampelekea nini? Lile la kijani nililitafuta wiki tatu."

"Tutamwandikia, tumwulize anataka nini."

"Haiulizwi, Edah."

"Ndiyo maana hajawahi kuulizwa."

Wakaandika jioni ile ile, kwenye meza ya mkahawa wa wafanyakazi karibu na lango, Edah akiandika na Cleopas akipinga kila mstari. Wakaeleza habari yote, hata gauni lilivyoishia kwenye kinanda. Jibu lilichukua wiki tano. Lilikuja kwa ile karatasi ya bluu ya barua za ndege inayojikunja yenyewe kuwa bahasha, na mwandiko ulikuwa wa Mwalimu Bethuel, aliyeandikia watu barua pale kijijini. Edah hakuifungua. Aliingoja hadi Jumamosi, Cleopas aliposhuka kutoka treni ya Derby, wakaisoma pamoja kwenye benchi la stesheni.

Mama alisalimu watu wote kwa majina. Akasema amemkubali kijana kwa kuwa amesema kwa mdomo wake, na baba naye amekubali. Kisha akaandikisha hivi:

"Mmeniuliza ninataka nini. Nimefikiri siku nne, maana sijazoea. Mwanangu, zamani nilikuwa nikisoma Biblia yangu mwenyewe, sasa herufi zinanikimbia. Barua zako ananisomea Mwalimu, na hii ya uchumba amenisomea kwa sauti mbele ya wanawake wote wa ushirika, nikashindwa pa kuangalia. Mwalimu anaandika haya huku amenuna. Kama kijana ana uwezo, ninaomba miwani ya kusomea, ili ukiniandikia mambo yako niyasome peke yangu. Gauni msininunulie. Nguo ninazo. Macho ndiyo yamechakaa."

Cleopas alisoma mwisho ule mara mbili, midomo ikienda bila sauti. Wiki tatu alizunguka masoko na picha ya mwili wa mama yule kichwani, inchi kwa inchi, na hili hakuliona.

"Miwani," akasema polepole. "Sasa hiyo inapimwaje kwa mtu aliye mbali?"

"Kwa kumwuliza," Edah akasema, akatafuta kalamu kwenye begi.